Utwaaji wa Chuma katika Bakteria: Hatua, Gharama na Maana Yake kwa Lishe ya Watoto

Utangulizi

Katika maandishi ya sayansi ya Kiswahili, kitenzi kilichozoeleka katika kueleza namna kiumbe kinavyoingiza madini mwilini ni "kufyonza". Mizizi hufyonza maji na chumvichumvi, utumbo hufyonza virutubisho, na bakteria nao huelezwa kuwa hufyonza ioni za metali kutoka katika mazingira yao. Kitenzi hiki hubeba picha yake: kitu kipo, kimeyeyuka, na anayekihitaji hukivuta kuelekea ndani. Kwa ioni za potasiamu au magnesiamu picha hiyo haipotoshi sana, kwa kuwa ioni hizo huyeyuka kwa urahisi na hupatikana kwa wingi. Kwa chuma, picha hiyo inapotosha. Bakteria hulazimika kukitafuta chuma nje ya mwili wake, kukikamata, kukipitisha katika tando mbili, na hatimaye kukifungua kutoka katika molekuli iliyokibeba. Ndiyo maana makala hii inatumia istilahi "utwaaji" badala ya "ufyonzaji". Kutwaa ni kuchukua kitu ambacho huenda kimeshashikwa na mwingine, na hiyo ndiyo hali halisi ya bakteria anayeishi ndani ya mwili wa binadamu.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba swali muhimu kuhusu chuma si kuna kiasi gani, bali kinashikwa na nani, kwa umbo gani na mahali gani. Mfano mkuu utakaotumika ni Escherichia coli, bakteria wa utumbo ambaye mfumo wake umechunguzwa kwa kina kuliko wa bakteria wengine wengi. Sehemu ya mwisho inaihusisha hoja hii na tafiti mbili zilizofanyika Afrika Mashariki, ambako utoaji wa chuma kwa watoto wadogo ulileta matokeo ambayo wengi hawakuyatarajia.

Uhaba ulio katikati ya wingi

Chuma ni miongoni mwa elementi zilizo nyingi zaidi katika gamba la dunia. Rangi nyekundu ya udongo wa sehemu nyingi za Tanzania na Kenya ni rangi ya oksidi zake. Hata hivyo, kwa kiumbe hai, wingi huo haufai kitu endapo chuma hakijayeyuka. Kabla ya oksijeni kuenea katika angahewa, takribani miaka bilioni 2.4 iliyopita, chuma katika maji kilikuwa kwa kiasi kikubwa katika umbo la Fe²⁺, ambalo huyeyuka. Viumbe vya kale vilijenga kemia yao juu ya upatikanaji huo: protini za upumuaji zina chuma, kadhalika vimeng'enya vinavyotengeneza viambajengo vya DNA. Oksijeni ilipoongezeka, Fe²⁺ iligeuka kuwa Fe³⁺, na Fe³⁺ katika maji yasiyo na asidi wala besi huungana na maji na kuwa kutu.

Ukubwa wa tatizo hili huonekana kwa hesabu fupi. Katika pH 7, palipo na oksijeni, kiwango cha Fe³⁺ iliyo huru hukadiriwa kuwa karibu 10⁻¹⁸ mola kwa lita. Kwa kuzidisha na namba ya Avogadro, tunapata ioni zipatazo 600,000 katika lita nzima ya maji. Seli moja ya E. coli, ili igawanyike mara moja, huhitaji atomu za chuma kati ya laki moja na milioni moja. Kwa maneno mengine, ioni huru zote zilizomo katika lita moja zinaweza kutosha kwa mgawanyiko wa seli moja tu, na lita hiyohiyo, ikiwa na virutubisho vingine, ina uwezo wa kulea mabilioni ya seli. Hakuna kiasi cha kuvuta kitakachoziba pengo la namna hiyo. Kitu kingine lazima kifanyike.

Kukamata: siderofori

Kinachofanyika ni kwamba bakteria hutengeneza molekuli ndogo, huzitoa nje ya seli, na kuziacha zielee katika mazingira hadi zitakapokutana na chuma. Molekuli hizi huitwa siderofori, jina lililoundwa kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mbeba chuma". Mamia ya aina zake yamekwisha kubainishwa. Ile ya E. coli huitwa enterobaktini, na iligunduliwa mwaka 1970 na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja peke yake: Pollack na Neilands nchini Marekani, na O'Brien na Gibson nchini Australia, ambao waliipa jina la enterokelini. Majina yote mawili bado hukutwa katika maandishi, jambo linalomchanganya msomaji mgeni bila sababu.

Umbo la enterobaktini linastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa nguvu yake yote imo humo. Ina pete iliyoundwa kwa serini tatu, na kutoka katika pete hiyo huning'inia mikono mitatu. Kila mkono una pete ya katekoli yenye oksijeni mbili zilizokaa jirani. Fe³⁺ ni ioni ndogo yenye chaji kubwa, nayo hupendelea kuzungukwa na oksijeni sita. Mikono mitatu inapojikunja kuizunguka, oksijeni sita hukaa hasa mahali zinapotakiwa, na ioni hufungwa kila upande. Uthabiti wa muungano huo, kama ulivyopimwa na Kenneth Raymond na wenzake huko Berkeley, huandikwa kwa kigezo cha karibu 10⁴⁹. Kwa vipimo vya kemia ya viumbe hai hicho ni kiwango cha ajabu. Enterobaktini huweza kukiondoa chuma kutoka katika kutu, na hata kutoka katika protini zilizoumbwa kwa kazi ya kukishika.

Hata hivyo, kutoa siderofori nje ya seli ni kuiweka mali hadharani. Molekuli iliyotengenezwa kwa gharama ya seli moja inaweza kurudi na chuma ikapokewa na seli nyingine. Katika Pseudomonas aeruginosa, ambaye siderofori yake, pioverdini, hung'aa kwa rangi ya manjano-kijani chini ya mwanga wa urujuanimno, imeonyeshwa kimaabara kwamba seli zisizotengeneza siderofori hustawi zikichanganywa na zile zinazotengeneza, kwa kuwa hutumia bila kuchangia. Kiswahili kina neno linalowafaa kabisa bakteria hao: wadoezi. Udoezi huu umewapa wanaikolojia fursa ya kuchunguza, ndani ya chupa ndogo, swali la namna ushirikiano unavyodumu pale ambapo kujinufaisha peke yako ni rahisi zaidi.

Kuingiza na kufungua

Enterobaktini iliyoshika chuma ina uzito wa takribani dalton 720. Matundu ya kawaida ya utando wa nje wa E. coli, yaani porini, huruhusu molekuli zisizozidi takribani dalton 600. Mzigo haupiti. Lazima uwepo mlango maalumu, na mlango huo ni protini iitwayo FepA. Muundo wake, uliochapishwa mwaka 1999, unaonyesha pipa lenye mbao 22 za protini, na ndani ya pipa kuna kizibo kilichoziba njia yote. Kwa upande wa nje, vitanzi vya protini hiyo huutambua na kuushika mzigo.

Hapa linajitokeza tatizo la nishati. Kusogeza kizibo na kuuvuta mzigo ndani ni kazi, lakini utando wa nje hauna ATP, wala hauwezi kutunza tofauti ya chaji, maana umejaa matundu. Nishati iko kwenye utando wa ndani, upande wa pili wa nafasi inayozitenga tando hizo mbili. Suluhisho la bakteria ni protini ndefu iitwayo TonB, ambayo imejichomeka katika utando wa ndani pamoja na wenzake wawili, ExbB na ExbD, na kunyoosha mkono wake kuvuka nafasi hiyo hadi kukigusa kizibo cha FepA. Protoni zinazoingia kupitia utando wa ndani ndizo huupa mkono huo nguvu. Namna hasa kizibo kinavyosogea, kama hutoka chote au hujikunja tu na kuacha upenyo, ni suala ambalo watafiti bado wanabishana. Lisilobishaniwa ni kwamba pasipo TonB mzigo hubaki nje, ingawa umeshikwa barabara.

Baada ya hapo safari ni nyepesi kuieleza. FepB huupokea mzigo katikati ya tando, na FepC, FepD na FepG huuvusha kwenye utando wa ndani kwa kutumia ATP.

Ndani ya seli kuna kazi moja iliyosalia, nayo ni kufungua kile kilichofungwa kwa nguvu ya 10⁴⁹. E. coli hufanya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni ubadhirifu: kimeng'enya kiitwacho Fes huikata pete ya enterobaktini, mikono hulegea, na chuma hubadilishwa kutoka Fe³⁺ kuwa Fe²⁺ na kuachiliwa. Siderofori iliyojengwa kwa hatua nyingi huharibiwa baada ya safari moja. Si bakteria wote wafanyao hivyo. Pioverdini, kwa mfano, hunyang'anywa chuma ikiwa katikati ya tando mbili na kutolewa tena nje ikafanye kazi upya. Mwandishi wa makala hii anaona kwamba hatua ya kufungua hupewa nafasi ndogo mno katika maelezo ya kufundishia, ilhali ndiyo inayoonyesha waziwazi gharama ya mfumo mzima. Kadiri mshiko unavyokuwa imara, ndivyo kufungua kunavyogharimu.

Kwa sababu ya gharama hizo, na kwa sababu nyingine kubwa zaidi, mfumo huu hauachwi ufanye kazi wakati wote. Fe²⁺ ikizidi ndani ya seli hukutana na peroksidi ya hidrojeni inayozalishwa katika upumuaji, na zao la mkutano huo ni haidroksili yenye elektroni isiyo na mwenzi, ambayo hukata DNA na kuharibu chochote kilicho karibu. Chuma kinachohitajika ndicho kinachoua. Msimamizi wa uwiano huu ni protini iitwayo Fur, iliyotambuliwa kupitia bakteria wenye kasoro ya jeni yake mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika kazi za Klaus Hantke. Fur inapobeba Fe²⁺ hukaa juu ya DNA mbele ya jeni za enterobaktini, za FepA na za nyingine nyingi, na kuzifunga. Chuma kikipungua, Fur huondoka na jeni hufunguka. Aidha, uhaba huamsha RNA ndogo iitwayo RyhB, ambayo husababisha kuvunjwa kwa ujumbe wa kutengeneza protini zinazotumia chuma zisizo za lazima. Seli hufanya yote mawili: hutafuta zaidi na hutumia pungufu.

Mlango huwa na hatari zake pia. Jina TonB lenyewe linatokana na virusi: T1, kirusi kinachoshambulia bakteria, hakiwezi kuingiza DNA yake pasipo protini hiyo, na herufi "Ton" ni kifupi cha "T moja" kwa Kiingereza. Kirusi hicho hutumia FhuA, mlango wa siderofori nyingine. Binadamu amejifunza hila hiyohiyo. Dawa ya sefiderokoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, ni antibaiotiki ya jamii ya sefalosporini iliyobandikwa katekoli. Hushika chuma, na bakteria huiingiza mwenyewe kupitia milango yake ya chuma, akiidhania mzigo aliouagiza.

Mwenyeji naye hushika

Mwaka 1944 Arthur Schade na Leona Caroline walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba ute mweupe wa yai la kuku huzuia bakteria kukua, na kwamba kati ya elementi mbalimbali walizojaribu kuongeza, ni chuma tu kilichoondoa kizuizi hicho. Miaka miwili baadaye walionyesha jambo kama hilo katika plazima ya damu ya binadamu. Protini inayohusika katika damu sasa huitwa transferini. Katika mtu mwenye afya, takribani theluthi moja tu ya nafasi zake hubeba chuma. Zilizobaki ni tupu, tayari kushika chochote kitakachoachwa huru. Katika maziwa ya mama, machozi na mate kuna laktoferini, inayofanya kazi ya aina hiyo. Maambukizi yanapoanza, ini hutoa homoni ya hepsidini, ambayo hufunga njia ya chuma kutoka kwenye utumbo na kwenye seli zinazokihifadhi, na kiwango cha chuma katika damu hushuka. Daktari anayeipima damu ya mtoto mwenye homa na kukuta chuma kidogo anaweza kuwa anautazama ulinzi badala ya upungufu. Hali hii ya mwili kuwanyima vimelea madini huitwa kinga ya lishe.

Dhidi ya transferini, enterobaktini hushinda. Ndipo mwili unapotumia njia nyingine: badala ya kugombania chuma, hukamata siderofori yenyewe. Mwaka 2002 ilibainika kwamba protini ya lipokalini-2, inayotolewa na chembe nyeupe za damu, ina mfuko unaoilingana enterobaktini kwa umbo na chaji, na huifungia humo pamoja na chuma chake. Jibu la Salmonella ni kubandika sukari ya glukosi kwenye katekoli za enterobaktini. Molekuli inayopatikana, salmokelini, huendelea kukishika chuma lakini haiingii tena katika mfuko wa lipokalini-2. Neisseria meningitidis, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, hana haja ya siderofori yake mwenyewe. Ana vipokezi vinavyoishika transferini ya binadamu moja kwa moja na kuipokonya chuma.

Kwa metali nyingine mkondo ni uleule, ingawa kemia ni tofauti. Zinki huingizwa na E. coli kupitia mfumo wa ZnuABC na manganizi kupitia MntH, na mwili hujibu kwa kumwaga kalprotektini, protini ya chembe nyeupe inayoshika zote mbili mahali penye uvimbe. Borrelia burgdorferi amekwepa ugomvi wa chuma kwa njia ya kipekee: haonekani kukihitaji, na hutumia manganizi mahali ambapo wengine hutumia chuma.

Pemba na Pwani ya Kenya

Upungufu wa damu kwa watoto wadogo ni tatizo kubwa katika Afrika Mashariki, na chuma ni tiba yake ya kawaida. Kisiwani Pemba ulifanyika utafiti mkubwa ambamo watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi 35 walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, huku wengine wakipewa kidonge kisicho na dawa. Mwezi Agosti mwaka 2003 utoaji wa chuma ulisitishwa kwa ushauri wa jopo la usalama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopata chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kuhitaji matibabu ya hospitali. Lakini katika kundi dogo lililochunguzwa kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walinufaika nacho. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi, na kimelea cha malaria si bakteria. Kwa hiyo itakuwa makosa kuyachukua matokeo hayo kama ushahidi wa siderofori. Yanachoonyesha ni kwamba chuma kilekile huwa tiba au hatari kulingana na hali ya mwili unaokipokea.

Utafiti wa pili unalenga moja kwa moja mada hii. Katika pwani ya kusini ya Kenya, watoto 115 wenye umri wa miezi 6 walipewa uji wa mahindi kwa miezi minne, wengine ukiwa umechanganywa na unga wa virutubisho wenye chuma na wengine usio na chuma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalibainisha kwamba katika waliopata chuma kundi la bakteria wa utumbo liliegemea upande wa enterobakteria, zikiwemo aina za E. coli zinazosababisha maradhi, na kalprotektini katika choo chao iliongezeka. Msomaji atakumbuka protini hiyo: kuwepo kwake kwa wingi ni ishara kwamba utumbo una uvimbe.

Matokeo hayo yanaeleweka yakisomwa kwa kuzingatia hatua zilizoelezwa hapo juu. Sehemu kubwa ya chuma kinacholiwa pamoja na nafaka hakiingii katika damu. Fitati iliyomo katika mahindi hukizuia, na mtoto mwenye homa ana hepsidini inayofunga njia. Kilichobaki husafiri hadi utumbo mpana. Kule hakuna transferini, na mtoto aliyeanza uji hupata laktoferini kidogo kuliko yule anayenyonya tu. Anayebaki kukitwaa ni bakteria, na si bakteria yeyote. Laktobasili wanahitaji chuma kidogo sana, hivyo nyongeza haiwaongezei kitu. Enterobakteria wana FepA, wana TonB, na baadhi yao wana salmokelini.

Kwa mtazamo huu, swali la kiutafiti linabadilika kutoka miligramu ngapi zitolewe hadi namna ya kukifikisha chuma kikiwa mikononi mwa mtoto na si mikononi mwa enterobakteria. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba penye malaria chuma kitolewe sambamba na huduma za kuzuia, kupima na kutibu ugonjwa huo, hatua inayoshughulikia upande mmoja wa tatizo. Upande wa utumbo ulijaribiwa tena nchini Kenya: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, unga wenye miligramu 5 za chuma uliongezewa sukari za galakto-oligosakaridi, ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya lakini bifidobakteria huzila. Sehemu kubwa ya madhara yaliyoonekana katika bakteria wa utumbo ilipungua, ingawa chuma hakikuondolewa katika uji.